Donge la Ardis Huebner

Jua linachungulia nyuma ya banda la ng'ombe wa maonyesho, na Ardis Huebner yuko katikati ya kona ya tatu, amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili anausokota. Kisigino cha buti anakikandamiza kwenye udongo mweusi, anakizungusha kama mtu anayezima kipande cha sigara, kisha anainama kutazama alama aliyoiacha.

Alama imetoka safi. Kingo zake hazijamong'onyoka na ndani yake kuna unyevu unaong'aa kidogo. Kwa watu wa kazi hii, hakuna habari njema kuliko hiyo asubuhi ya siku ya mbio.

Ardis hafurahi. Anakunja uso, anafuta buti kwenye nyasi, anakohoa.

"Mzuri," anasema, kama mtu aliyebanwa mkono nyuma ya mgongo. "Mzuri mno. Ndiyo maana unaniudhi."

Leo ni Jumamosi ya Maonyesho ya Kaunti ya Tolliver, hapa Iowa. Baada ya mashindano ya ndama na mnada wa pai, magari ya mbio yenye mabawa mgongoni yatashuka kwenye duara hili la udongo, na jukwaa litajaa mpaka watu wakae kwenye ngazi. Kazi ya Ardis, mwenye umri wa miaka sitini na saba, ni kuhakikisha udongo huo haugeuki vumbi wala tope kabla ya mshindi kupatikana.

"Udongo huu ni wa mdogo wangu, Rhonda," anasema. "Umetoka shambani kwake. Andika kwamba nina wivu. Usiandike 'anaipenda kazi yake.' Kila mwaka mnaandika naipenda kazi yangu. Mwaka huu andika wivu."

Basi sisi wa gazeti tunaandika.

Siku za shule Ardis huwapikia watoto wa shule ya msingi. Msimu wa mbio ukifika, kamati ya maonyesho humlipa dola mia moja na hamsini kwa kila siku ya mashindano, pamoja na mikate ya nyama ya nguruwe kadiri tumbo lake litakavyopokea. Kwa malipo hayo hulima duara, hulisawazisha, hulimwagilia na kulishindilia, na akimaliza hutukanwa na madereva.

"Wakishinda, ni mguu wao ulikanyaga vizuri," anasema. "Wakishindwa, ni udongo wa Ardis."

Duara lenyewe lina umri mkubwa kuliko barabara ya lami inayolifikia. Lilichongwa na babu yake, Emil Huebner, pamoja na majirani, kwa farasi na makoleo, enzi ambazo watu walikuja kwenye maonyesho kutazama maboga, nguruwe, na farasi wanaovuta vigari vya magurudumu mawili. Lilitakiwa liwe la nusu maili. Emil alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mkokoteni, akawa anausukuma huku mkewe akihesabu kila mara kitambaa kinapopita chini. Walipofika kona ya kwanza, jirani mmoja akamsalimia yule bibi na kumuuliza habari za kuku. Hesabu ikapotea.

Ndiyo maana hadi leo kona ya kwanza ni pana kuliko nyingine, na dereva mgeni huingia kwa mbwembwe na kutokea kwenye uzio. Sisi wa Tolliver tunaiita Kona ya Kuku.

Magari yalipokuja, farasi waliokuwa kwenye mabanda ya jirani waligoma kula. Wakati wa vita hapakuwa na petroli ya kuchezea, na katikati ya duara wakapanda viazi. Vita vilipokwisha, vijana walirudi wakijua injini kuliko walivyowajua wachumba wao, na mbio zikarudi kwa fujo. Vumbi likawa balaa. Kamati ikaamua kunyunyizia oili chafu ya gereji, na akina mama waliokuja na magauni meupe walirudi nyumbani wana madoadoa kama kanga.

Baba yake Ardis, Orville, ndiye aliyekomesha upuuzi huo. Alinunua lori la maziwa kutoka kiwanda kilichofungwa, akalitoboatoboa bomba la nyuma, akalijaza maji ya kijito. Watu wakaliita Ng'ombe. Injini imebadilishwa na magurudumu yamebadilishwa, ila jina limebaki, na Ardis ndiye anayeliendesha.

"Ng'ombe keshakamuliwa?" mwenyekiti wa kamati, Duane Plagge, anamuuliza Ardis akipita na kikombe cha kahawa.

"Nenda kahesabu vyoo vyako, Duane," anajibiwa.

Orville alikuwa na mabinti wawili tu, Ardis na Rhonda, ambaye ni mdogo kwa miaka mitano. Ardis alipandishwa kwenye Ng'ombe kabla miguu yake haijafika kwenye pedali. Rhonda aliachwa nje ya uzio, anyanyue mkono bomba likiziba. Ardis anakiri kwamba alikipenda kiti kile, na zaidi alipenda kwamba mdogo wake hakuwa nacho.

Orville alipougua akawaita wote wawili. Alikuwa na vipande viwili vya shamba. Cha juu kilikuwa tambarare, mahindi yake yakimpita mtu kimo. Cha chini kilikuwa kando ya kijito, kimejaa mafunjo, na kila mwaka trekta lilizama humo.

"Baba akaniambia, 'Ardis, wewe ndiye mkubwa, chagua,'" anasimulia. "Nikachagua mahindi. Hata sikufikiri. Rhonda akacheka, akasema ahsante Baba, na mimi nitafuga vyura."

Rhonda aliolewa na Craig, mtu wa Kaunti ya Brandt, ng'ambo ya kijito. Hapa Tolliver jina la Brandt halitajwi bila mtu kukunja pua, lakini ndoa ni ndoa. Siku moja wakaamua kuchimba bwawa la ng'ombe kwenye kile kipande cha vyura. Chini ya mafunjo wakakuta udongo wa mfinyanzi mweusi, mzito, unaonata mkononi kama unga uliokandwa vizuri.

Rhonda alikuwa binti wa Orville hata kama hakuwahi kukaa kwenye kile kiti. Aliusokota kwa kisigino. Akaita malori, akaupeleka kwenye uwanja wa mbio wa Brandt, na kamati ya kule ikamkabidhi boza la kumwagilia maji.

Kilichofuata Ardis anakijua kwa kichwa, kwa sababu kila mtu alihakikisha amekisikia. Magari ya Brandt yalianza kupitana juu, chini na katikati. Vumbi likapungua. Watu wa televisheni wakaja. Madereva wakaanza kusema "udongo wa Rhonda" kwa sauti ile ambayo watu husemea mapishi ya mama zao.

"Nilikuwa kwenye foleni ya posta," anasema Ardis. "Mtu mbele yangu anamwambia mwenzake, Ijumaa twende Brandt tukaone udongo wa Rhonda. Nilirudi nyumbani na barua yangu mkononi. Sikuituma."

Udongo wa Tolliver ulikuwa wa njano, una mchanga mwingi. Hunywa maji kama ndama, na baada ya mbio mbili unaomba mengine. Jioni ikifika kona zinatoboka mashimo na vumbi linapanda mpaka kwenye vikombe vya watu vya maji ya limau. Ardis alijua hilo. Kujua hakukumsaidia kulala.

Ndipo akaanza kwenda Brandt kwa siri.

Kila Ijumaa alivaa kofia ya mumewe Gaylen ya kuvulia samaki, yenye ukingo mpana, akakata tiketi kama mgeni, akaenda kukaa kwenye jukwaa dogo la kona ya pili. Watu wa Tolliver wakienda kule hukaa mbele, penye mstari wa kumalizia, kwa hiyo aliamini hakuna atakayemwona. Gaylen aliambiwa kwamba anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

"Kwaya haina mazoezi Ijumaa," anasema Gaylen, aliyekuja kuleta mafuta ya Ng'ombe. "Na mke wangu akiimba, mbwa wanatoka nje. Nilijua. Kofia yangu ilikuwa inarudi ina matope."

Ijumaa ya kwanza gari lilipita kwa kasi na kurusha donge la udongo, likamwangukia Ardis mapajani. Wengine wangelipangusa. Yeye alilitia mfukoni. Lipo hadi leo dirishani jikoni kwake, karibu na sabuni ya vyombo, limekauka na halijapasuka. Kando yake aliweka donge la njano la Tolliver, na kabla hajamaliza kuosha vyombo lilikuwa limeshamong'onyoka.

"Nikaliangalia lile donge jeusi likanijaa rohoni," anasema. "Miaka yote niliyozunguka na Ng'ombe, na yeye anakuta dhahabu chini ya vyura. Na ningeweza kuchagua mimi! Hapo ndipo panaponiuma. Hakuniibia. Nilimpa."

Hata hivyo alipata faraja moja, na aliishikilia. Udongo wa Rhonda ulikuwa bora, lakini Rhonda mwenyewe hakujua kumwagilia. Kila Ijumaa ile kona ya pili ilikuwa chepechepe kuliko nyingine zote. Magari yaliteleza pale, madereva walinung'unika, na Ardis, chini ya ukingo wa kofia, alitabasamu.

"Nilirudi nyumbani nikiwa na raha," anakumbuka. "Nikajiambia, unaona? Mtu unaweza kupewa unga mzuri na bado ukaunguza keki."

Maonyesho ya mwaka jana ndiyo yaliyofikisha mambo pabaya. Vumbi lilikuwa jingi mpaka mtangazaji akawa anakisia nani yuko mbele. Chama cha magari yenye mabawa kikaandika kwa ustaarabu kwamba kinawapenda sana watu wa Tolliver, ila duara likibaki vile, mbio za Maonyesho zitahamia uwanja mwingine. Uwanja wenyewe hawakuutaja. Haikuhitajika.

Duane Plagge alimfuata Ardis jikoni shuleni, wakati akikoroga viazi.

"Ardis, tuna njia mbili," akasema. "Ama mbio ziende kwa Rhonda, au udongo wa Rhonda uje kwetu."

"Hiyo ni njia moja, Duane. Umeigeuza tu."

"Wewe ndiye mtunza duara. Ukikataa, tutakusikiliza."

Ardis alikoroga viazi mpaka vikawa uji. Mbio za Maonyesho zilikuwa zimekimbizwa kwenye duara lile tangu enzi za Emil, kitambaa chekundu na kuku. Zikiondoka mikononi mwake, ndilo jambo atakalokumbukwa nalo.

"Leteni," akasema mwishowe. "Ila asije nao."

Malori yalikuja msimu wa baridi ulipoachia. Rhonda hakuja. Hakutaka kulipwa udongo, alitaka alipiwe mafuta ya malori tu, na ukarimu huo ulimkera Ardis kuliko bei yoyote ambayo angetajiwa. Udongo wa njano ukafunikwa. Ardis aliusawazisha mweusi kwa greda, na anasema haijawahi kutokea kazi nyepesi hivyo, na hajawahi kuichukia kazi hivyo.

Kabla ya ufunguzi wa msimu, mwezi wa tano, Rhonda alipiga simu. Ardis aliiacha iite. Akapiga tena. Mara ya tatu akapokea Gaylen.

"Alisema, 'Mwambie maji nusu,'" Gaylen anaeleza. "'Udongo huu haunywi, unayakalia. Nusu tu ya aliyoyazoea.' Nikaenda nikamwambia. Unajua alinijibu nini?"

Ardis anajibu mwenyewe, bila kugeuka. "Nilimwambia, nani aliyekaa kwenye kile kiti, mimi au yeye?"

Akajaza Ng'ombe mpaka shingoni. Akazunguka kama alivyozunguka maisha yake yote, kutoka chini kwenda juu, kona hadi kona, na alipomaliza akajaza tena.

Jioni ya ufunguzi jua lilikuwa bado limesimama juu ya maghala ya nafaka wakati gari la kwanza liliposukumwa duarani. Halikufika Kona ya Kuku. Liliteleza taratibu, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi na bado anajitahidi kubaki na heshima, likageuka nyuma mbele, likazima. Dereva akashuka, buti likabaki. La pili likaja likakwama kando ya la kwanza. Jukwaa zima likaanza kucheka. Mwakilishi wa chama, aliyekuja kuangalia kama duara limepona, alikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

"Nilikuwa nimekaa ndani ya Ng'ombe," anasema Ardis. "Nikasikia mtu anapiga kelele, 'Ardis, tuletee mpunga tupande!' Nilitaka ardhi inimeze. Ingeweza, ilikuwa laini vya kutosha."

Kila mtu wa viwanja vya udongo anajua linalofanyika ikifika hapo. Mtangazaji huwaomba wenye pikapu waliokuja kutazama washuke nazo duarani, wazunguke polepole, magurudumu yao yashindilie tope hadi likaze. Ni heshima kuitwa, na ni aibu kwa mtunza duara anayelazimika kuita. Orville hakuwahi kuita hata mara moja.

Mtangazaji aliita.

Pikapu ya kwanza kupita lango ilikuwa ya kijani, ina bango la uwanja wa Brandt mlangoni. Jukwaa likazomea, nusu kwa utani na nusu kwa moyo wote. Ilikuwa ya Rhonda, aliyekuwa amekaa juu kabisa jukwaani muda wote huo, na Craig pembeni yake. Craig anasema alimshika mkewe mkono na kumkumbusha kwamba wakikaa kimya tu, mbio za Maonyesho zinakuwa zao. Rhonda alimwachia begi lake na mkate wake, akashuka.

Alianza chini kabisa, karibu na ukingo wa ndani, na kila mzunguko akapanda juu kwa upana wa tairi moja. Ni mwendo wa Orville. Pikapu nyingine zikamfuata nyuma, za wakulima, za makanika, ya mchungaji, hata ya Duane.

Alipofika kwenye Ng'ombe, akasimama na kufungua mlango.

"Panda."

"Nina kazi," akasema Ardis.

"Kazi gani? Umeshaifanya, tunaiona wote. Panda, dada."

Ardis akapanda. Mazungumzo yaliyofuata wameyasimulia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yanafanana kwa jinsi dada wawili wanavyoweza kufanana.

Wakaanza mzunguko wa kwanza. Ardis alikuwa anakohoa. Kifua chake kina pumu, zawadi ya miaka ya vumbi la njano.

"Nilisema nusu," akasema Rhonda.

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Unataka nikupigie magoti?"

"Humu hamtoshi."

Ardis alivimba. Alitafuta kitu cha kumrudishia, na alikuwa na kimoja tu, kile alichokibembeleza kila Ijumaa.

"Usinifundishe maji, Rhonda. Wewe kona yako ya pili kila wiki ni bwawa. Magari yanaogelea. Ndiyo kazi gani hiyo? Baba angekuona angekushusha kwenye boza kwa sikio."

Rhonda aliendelea kuendesha. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Umejuaje habari za kona yangu ya pili?"

"Watu wanasema."

"Watu wanasema, au umeiona mwenyewe ukiwa na kofia ya Gaylen ya kuvulia samaki?"

Ardis anasema masikio yalimwaka moto hadi shingoni. Aliangalia nje ya dirisha, akawaona watu wa kaunti nzima wamewatolea macho, akaangalia tena ndani.

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ya kwanza. Ardis, umevaa kofia ambayo ina ndoana! Nani anakwenda kwenye mbio na ndoana kichwani? Nilikuona nikiwa juu ya boza. Nikafurahi kama mtoto, nikasema nikimaliza nitamfuata. Halafu nikakuona unakohoa. Upepo wa kule unatoka kusini, vumbi lote linaishia kwenye kile kijukwaa. Umekunja leso mdomoni, na bado huondoki."

"Sikuwa nakohoa sana."

"Ulikuwa umejikunja, dada. Nikajua nikija utaondoka na hutarudi. Basi nikapiga maji pale. Kona ya pili mara mbili. Kila Ijumaa."

"Unaharibu njia ya magari."

"Najua naharibu. Madereva wamenitukana mpaka wameishiwa maneno. Kamati imeniita. Nikawaambia ni bomba, linavuja upande mmoja."

Pikapu ilipita kona ya tatu. Nyuma yao tope lilikuwa limeanza kushikana, na mistari ya matairi ilikuwa inang'aa.

Mwandishi alimuuliza Ardis alijisikiaje wakati ule. Amekwisha kukubali kwamba ana wivu, na mtu aliyekubali hilo hana sababu ya kuficha mengine.

"Vibaya," anasema. "Nilikuwa nimelibeba lile kosa lake kama chakula. Nimeishi nalo. Kumbe ndilo jambo alilonifanyia. Na unajua nilichowaza kwanza? Siyo asante. Niliwaza, hata kwa wema amenitangulia. Hata hapo amekaa mbele."

Anafuta macho kwa mgongo wa glavu na kuacha mstari mweusi shavuni.

"Nikamwambia, 'Shuka chini kidogo, umepanda juu mno.' Akashuka."

Walizunguka mpaka duara likakaza. Mbio zilichelewa, lakini zilikimbizwa, na walioziona wanasema Tolliver haijawahi kupata jioni kama ile tangu Orville. Mwakilishi wa chama alitoa karatasi yake mfukoni na kuikunjua. Mbio za Maonyesho zilibaki, ndizo za leo.

Rhonda anacheka akiulizwa kwa nini alishuka wakati angeweza kuzichukua.

"Nilikuwa nje ya ule uzio utoto wangu wote, nanyanyua mkono bomba likiziba," anasema. "Nilimwonea wivu dada yangu mpaka nikawa nang'ata ubao. Siku ile lango lilikuwa wazi. Ungekuwa wewe ungekaa ukala mkate?"

Asubuhi imeshakuwa asubuhi kamili. Watoto wanaburuta ndama kwenda kuoshwa, na harufu ya vitunguu vya kukaanga imefika hadi kona ya tatu. Ardis anapanda ndani ya Ng'ombe. Jana jioni, anakubali, alimpigia simu mdogo wake na kuuliza kwa maneno machache maji kiasi gani kwa joto hili. Aliambiwa. Ametia kiasi hichohicho, na alama ya kisigino imetoka safi.

"Leo watasema ni udongo wa Rhonda," anasema. "Nitawasikia kutoka hapa. Itaniuma, usifikiri nimepona. Donge bado liko dirishani, na la rohoni liko palepale. Limepungua kidogo, basi."

Anaulizwa mipango yake baada ya Maonyesho. Wengine kwenye kurasa hizi hutaja kununua greda jipya, au kustaafu. Ardis anawasha injini, anaizima tena.

"Ijumaa nakwenda Brandt," anasema. "Gaylen nimeshamrudishia kofia yake. Nitaingia kichwa wazi, nakata tiketi kwa jina langu. Ila sitakaa kona ya pili. Nitakaa kona ya nne."

Kwa nini ya nne?

"Nione kama maji yatanifuata."

Na yakimfuata?

Ardis Huebner anawasha Ng'ombe, na bomba la nyuma linaanza kutiririka.

"Yakinifuata, atakuwa ameharibu kona ya nne," anasema. "Na nitamwambia."